Propela Iliyomwaga Pipa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bwana asifiwe. Leo nimeamua. Mashua yangu lazima ipate injini kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Nieleze vizuri, maana hata karatasi inataka kuelewa. Mamamkwe wangu, Mama Marcella, anakaa kisiwani Mfangano. Miaka mingi alikuwa na utando machoni, anatujua kwa sauti tu. Mwezi uliopita alifanyiwa operesheni, na sasa anaona mpaka kuku wa jirani akiingia shambani. Tarehe kumi na sita kuna sala ya shukrani kwake. Ametuma neno kwamba siku hiyo atasimama ufuoni mwenyewe, aone kwa macho yake mashua inayomleta binti yake.

Sasa mashua hiyo ni ya nani? Hapo ndipo penye kidonda. Binti yake ni mke wangu Zilpah, na Zilpah hapandi tena mashua yangu. Anapanda boti ya jirani yetu Gordon, yenye injini na viti vya sponji. Tangu Desemba. Siku ile upepo ulikufa tukiwa katikati ya ziwa, tukafika kwenye ubatizo wa mpwa wake watu wakiosha sufuria. Kurudi, upepo bado hakuna. Na kwetu mkwe halali kwa mamamkwe, hata mvua inyeshe mawe. Nikalala ndani ya mashua pamoja na mbu wa Mfangano. Kulipokucha Zilpah akasema yeye hapandi tena kitu kinachongoja hewa.

Mashua inaitwa Ebenezeri. Maana yake, hata sasa Bwana ametusaidia. Gordon husema jina limefaa sana, kwa sababu inafika "hata sasa" halafu inasimama.

Nimemwombea Gordon. Nimeomba apunguziwe mali kidogo, kwa faida ya roho yake.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umeiva. Nilikuwa nikikamua ng'ombe, ukanijia wote mzima.

Injini huku Mbita na Homa Bay ni ghali. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu huku ana ziwa. Basi mtu mwenye akili anakwenda kununua pale ambapo ziwa hakuna. Nikamkumbuka Dada Rael wa Kegonga, tuliyekutana kwenye kongamano la kanisa mjini Migori. Alisimulia kwamba mumewe, Werema, ana injini ya boti dukani, kati ya mbolea na mashine ya kusaga. Aliibadilisha kwa ng'ombe na mtu wa ng'ambo ya mpaka. Injini ya boti, Kegonga! Nani atainunua, mahindi? Huyo mtu atanibembeleza niichukue.

Zilpah aliuliza nachekea nini peke yangu kwenye zizi. Nikamjibu ni furaha ya wokovu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilimuuza fahali wangu sokoni Kosele. Leo Kegonga.

Werema ni mtu mkubwa, mpole, na Kiswahili chake ni cha mpakani, kimenyooka kama fimbo. Niliingia kwa ujanja. Nikauliza habari za mbolea. Nikauliza habari za mahindi. Halafu, kama mtu aliyejikwaa tu, nikauliza kile chuma pale pembeni ni kitu gani. Werema akasema ni ile injini ya boti niliyokuja kuichukua, Rael ameshamweleza, na chai yangu iko tayari.

Ni mtu wa kweli, sitamsema vibaya. Aliniambia, "Mzee wangu, mimi najua ng'ombe. Ziwa nimeliona kwenye kalenda." Alisema yeye huijaribu hiyo injini kwenye pipa la maji mbele ya duka, basi, hajui zaidi.

Alikuwa na propela mbili za kuchagua, ile feni ya chuma inayosukuma maji. Ya kwanza ndogo, bapa, mabawa yake yamelala kama masikio ya ng'ombe mgonjwa. Akaifunga, akavuta kamba, injini ikawaka. Maji kwenye pipa yakatokota kidogo kama ya ugali. Nikaitazama kwa adabu.

Ya pili kubwa, mabawa yamejipinda kama pembe za kondoo dume. Akavuta kamba. Ndugu zangu. Pipa lote lilimwagika. Mbuzi alikata kamba akaenda. Mzee aliyekuja kusaga mahindi alilowa mpaka kofia, na gunia lake likaanza kuwa uji. Watu wakapiga makofi.

Nikawaza: propela inayomwaga pipa kwa pumzi moja, ziwa litaifanya nini?

Werema alitaka kunipa na ile ndogo bure, niwe nayo. Nikakataa. Sitaki kubeba aibu kwenye begi. Fahali alitosha, pamoja na saa yangu ya mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Huku kwetu injini hulala nyumbani na mwenyewe, maana ukiiacha ufuoni utaikuta kwenye boti ya mtu mwingine ikiwa na rangi mpya. Nimeilaza chumbani kwetu, juu ya gunia, upande wangu.

Zilpah alisimama mlangoni akaitazama. Akaniuliza kama huyu nyieka niliyemletea anajua kupika, au kazi yake ni kunuka petroli tu. Nyieka ni mke mwenza. Nikamwambia ni chombo cha kumheshimu mama yake. Akasema mama yake amepata macho, hajapoteza pua. Kisha akahamisha mto wake upande wa ukuta.

Jioni alikuja Gordon, kuona. Hakualikwa. Aliupima mguu wa injini, ile sehemu inayoshuka majini na propela, kwa shubiri zake, akatoka nje akautazama ubavu wa Ebenezeri, akakohoa. "Omera, ndugu yangu, mguu ni mfupi. Hii ni ya kiboti cha chini. Mashua yako imesimama juu kama mlango." Halafu akaigusa propela yangu, akatikisa kichwa. Eti hiyo ni ya boti nyepesi, ya kukimbia. Mashua ya tanga ni nzito, inataka propela bapa ya kubeba mzigo. Akanikumbusha baiskeli: ukipanda kilima na gunia la mahindi, hutumii gia ya kuteremkia. Akasema ana bapa moja ya akiba, niichukue nijaribu.

Bapa! Ileile niliyoikataa Kegonga. Sasa nikaelewa. Gordon ameona hatari. Anataka niende polepole ili Zilpah abaki kwenye sponji zake. Nilimshukuru kwa upole wa Kikristo, nikamsindikiza mpaka njiani, nikahakikisha ameondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepeleka injini kanisani ibarikiwe. Mchungaji aliomba kwa kirefu, akaitaja mitambo yote aliyoijua, mpaka matrekta. Wakati huo petroli ilikuwa inavuja kwenye zulia la madhabahu. Kwaya ilikohoa ubeti wa tatu wote.

Baada ya ibada Gordon alisaidia kubeba zulia nje. Watu walimwona. Anapenda kuonekana.

Jumanne, 12 Agosti

Ebenezeri ni mashua ya zamani, imechongoka mbele na nyuma. Hakuna pa kutundika injini. Nikamwendea fundi Tony anitengenezee chuma cha kuifunga ubavuni, upande wa kulia karibu na nyuma. Tony ni hodari, lakini maisha yake yote ametengeneza vitanda na mageti. Chuma kimekuja na maua mawili na njiwa. Kizuri sana. Nusura nikiweke sebuleni.

Tulipofunga, propela ikaning'inia hewani, shubiri nzima juu ya maji. Mguu mfupi. Sikutaka kulifikiria sana hilo neno, kwa sababu ya aliyelisema.

Suluhisho likaja upesi. Nikamwita Sammy muuza dagaa wa omena, mtu mwenye mwili, aketi upande ule ule. Ebenezeri ikainama, propela ikazama, nikavuta kamba, ikawaka. Utukufu. Ila inasukuma kutoka kulia, kwa hiyo mashua inageuka kushoto. Lazima niukaze usukani kwa mguu wakati wote, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Na injini inaguna. Inaguna kama mzee anayepanda mlima na gunia. Bata wawili walitupita.

Gordon alikuwa ameketi ufuoni anashona wavu. Aliinua tu mkono akaionyesha baiskeli yake iliyoegemea mti. Nikajifanya naangalia mawingu.

Nimeona tatizo: injini ina uchovu wa safari. Kutoka Kegonga ni mbali.

Alhamisi, 14 Agosti

Bado Zilpah hajasema atapanda ya nani. Sikuweza kuliacha jambo kubwa hivi mikononi mwa Bwana peke yake.

Asubuhi nilizunguka kwa akina mama wa kanisa, nikawaambia Gordon anawachukua wote kwenda Mfangano kwenye sala, wasikose. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: boti ya Gordon ikijaa, Zilpah atabaki na mimi. Ilijaa kabla ya chakula cha mchana. Lorine, binti yetu, akapiga simu kuuliza ni kweli Gordon anabeba kanisa zima. Habari imefika mpaka Nairobi.

Gordon hakukasirika. Alisema ni baraka, akaongeza benchi. Na kile kiti cha mbele chenye sponji nene akamwekea Zilpah, akatandika na kitambaa.

Niliketi nyuma ya nyumba.

Jioni Zilpah akaja na chai, akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Akasema amezungumza na mama yake kwa simu. Mama alimuuliza swali moja tu: "Hiyo siku nitakayokuona, utakuja na mume wako au na mume wa mtu?"

Kwa hiyo anapanda Ebenezeri. Lakini akaniambia hivi, na sauti yake haikuwa ya mchezo: "Baba Lorine, ikisimama mbele ya macho ya mama yangu, nahamia ya Gordon hapohapo majini. Na sitaingia tena kwenye mashua yako maisha yangu yote."

Nikasema Amina. Nikanywa chai kwa haraka, ikaniunguza.

Jumamosi, 16 Agosti

Mbele za Mungu naandika yote.

Nilimwomba Zilpah aketi kulia, nyuma, karibu kabisa nami. Nikamwambia ni kwa sababu natamani kuwa karibu naye. Ni kweli pia. Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaketi, akaweka kikapu cha maandazi miguuni. Propela ikazama vizuri. Nikavuta kamba, injini ikawaka, na kamba ikakatika ikabaki mkononi mwangu. Sikumwambia. Niliiweka mfukoni kama leso.

Tulikwenda. Polepole, lakini tulikwenda. Gordon alitupita na kanisa lote wakiimba, wakatupungia mkono. Katikati ya ziwa Zilpah aliinuka kurekebisha kikapu. Mashua ikanyooka, propela ikatoka majini, ikapiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa. Alipoketi, ikanyamaza. Akainuka tena, makusudi. Kelele. Akaketi. Kimya.

"Kumbe mimi ni jiwe," akasema.

Nikamwambia yeye ni nanga ya nyumba yangu. Akasema nanga ni jiwe. Lakini hakuhama.

Ufuo wa kwao ukaonekana. Watu wengi, nguo nyeupe. Mbele yao wote, miguu karibu majini, Mama Marcella, kiganja juu ya macho. Nilivaa kofia vizuri. Hapo ndipo tulipoingia kwenye magugu maji. Propela kubwa ikayakata, ikayameza, ikapita, Bwana asifiwe. Usukani haukupita. Ulinasa, nikaukaza kwa mguu, ukakatika ukabaki nyuma kwenye magugu.

Mashua bila usukani, injini upande wa kulia. Ikageuka kushoto. Ikaendelea kugeuka. Tukauona ufuo, tukaiona nchi kavu ya mbali, tukauona ufuo tena.

Kasia niliacha nyumbani. Mtu mwenye injini, kasia la nini. Na nisingeweza kuizima, maana kamba iko mfukoni, haitawaka tena, nami nitasimama mbele ya macho ya mamamkwe. Basi nikaiacha. Mzunguko wa kwanza watu wote ufuoni waligeuza shingo kutufuata, hata watoto. Boti ya Gordon ilikuwa imefungwa pale pale karibu, kiti cha sponji kiko wazi. Nilimwona Zilpah akikitazama. Tulizunguka, kikapita. Tulizunguka, kikarudi. Nikamwambia kama anataka kuhamia, sasa ni karibu, na mimi sitamlaumu. Nilikuwa karibu kulia.

Zilpah akanishika mkono. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyamaza. Mama anaona."

Mzunguko wa tatu Mama Marcella alipiga kigelegele. Peke yake, kwa nguvu zote za kifua. Kisha akina mama wa kisiwa wakapokea, na wale wa kwetu wakapokea, ufuo wote ukawa vigelegele. Petroli ikaisha. Injini ikanyamaza yenyewe, kwa heshima, na upepo mdogo wa ziwa ukatusukuma taratibu mpaka mchangani, miguuni pake.

Mama alimshika Zilpah uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu sana. Wote wawili walilia. Mimi nilisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Kisha akageuka kwa watu akasema ameishi miaka mingi na wakwe wengi wamekuja hapa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuzunguka maji mara tatu kumheshimu kabla ya kukanyaga ardhi yake. Na akashukuru Mungu kwamba alipewa macho kabla ya siku hiyo.

Watu wote wakamtazama Gordon. Yeye ndiye anayejua mambo ya injini. Gordon alitazama chuma chenye njiwa. Akatazama mahali usukani ulipokuwa. Akanitazama mimi. Halafu akavua kofia, akasema, "Mama, huyo ndiye mkwe."

Sala ilikuwa nzuri. Kuku alikuwa laini.

Kurudi, Gordon alitufunga kamba akatuvuta. Alimwita Zilpah aje kwenye sponji. Zilpah akasema asante, hapa panamtosha, akaketi kulia, nyuma, karibu nami, ingawa propela haikuwa inafanya kazi yoyote. Mama Marcella alibaki ufuoni akipunga mkono. Tulimsikia akiwaambia wenzake waone jinsi mkwe wake anavyoisukuma boti ya Gordon kutoka nyuma.

Zilpah alijifunika kanga usoni. Mabega yalitikisika mpaka tulipofika kwetu. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Jumanne, 19 Agosti

Mambo yamebadilika ufuoni. Jana Gordon aliwapeleka wagonjwa wa macho kliniki, akapitia Mfangano kwa Mama Marcella kuacha salamu. Mama akamuuliza kwa upole kwa nini yeye haheshimu wenyeji. Ikambidi azunguke mara tatu. Walioona wanasema kwa ile propela yake bapa alionekana kama bata anayetafuta mayai. Mzunguko mzuri unataka nguvu. Mimi nimejua hilo tangu Kegonga. Sasa nikifikiri vizuri, nakumbuka kwamba hata siku ile moyoni nilikuwa na wazo la kuzunguka.

Leo asubuhi Gordon amekuja kwa amani. Amesema ana injini ya zamani yenye mguu mrefu. Tubadilishane, aniongezee na propela bapa, anitengenezee usukani, na Ebenezeri itakwenda wima na moja kwa moja, mtu aketi popote apendapo.

Mtu aketi popote apendapo. Nilimtazama Gordon kwa huruma. Ana boti nzuri, lakini kuna vitu haelewi. Zilpah amesema Jumamosi twende tena kwa mama yake, na ameshashona mto wa kukalia, wa upande wa kulia. Mguu mrefu wa nini?

Nimekataa. Kisha nimempigia Werema. Anayo injini nyingine ya mguu mfupi, ndugu ya ile, na pipa bado lipo. Ile ya kulia inageuza kushoto. Basi ya pili nitaifunga kushoto, igeuze kulia, na mashua itanyooka. Jambo rahisi kabisa, sijui kwa nini wataalamu hawajaliona. Tony ameshaanza njiwa wa pili.

Limebaki jambo moja tu: upande wa kushoto nao utahitaji mtu mzito wa kuketi. Sammy ana omena wake. Nimeomba, na jina lililonijia ni Gordon.